KAMERA NYUMBANI: VIFAA VYA KUNUNUA, VYA KUACHA, NA VYA KUJITENGENEZEA

Kamera si kitu kigeni tena katika nyumba za Gatumba. Tangu Burundi ilipopeleka kikosi chake cha kwanza Somalia mwezi Desemba 2007, na baadaye Jamhuri ya Afrika ya Kati, askari wamekuwa wakirudi na kamera mizigoni mwao. Lakini aghalabu kamera hiyo hulala kabatini, ndani ya mfuko wa ngozi, imeviringishwa kitenge, ikingoja harusi au ubatizo. Siku yenyewe ikifika, betri haina moto, kadi imejaa, na kioo cha lenzi kimefanya utando mweupe mfano wa nyuzi za buibui. Mwenye nyumba huilaumu kamera, kisha akaenda kumkodi mpiga picha wa mtaani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba huyo, na kwa ajili ya kila mtu apendaye kupiga picha kwa burudani yake, awe na kamera kubwa au simu ya mkononi. Shabaha yetu si kumfanya mtu anunue vitu vingi. Kwa kweli wapiga picha wengi wa burudani wamekwisha kununua zaidi ya wanavyohitaji, nao wamevisahau vile vidogo ambavyo ndivyo hasa vinavyoiweka kamera hai.

KAMERA GANI?

Wako wanaoamini ya kwamba picha nzuri hutoka katika kamera ya bei kubwa. Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Kenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza akiwa mvulana wa shule na kamera ya kisanduku, Box Brownie, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kamera hiyo haikuwa na cha kurekebisha ila kidogo sana. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Wapenzi wa vifaa wayafikirie hayo kabla hawajauza mbuzi wao.

Mwenye simu nzuri na asiye na fedha za akiba abaki na simu yake. Aipanguse lenzi kila mara kabla ya kupiga, maana kidole chenye mafuta ya mandazi kimeharibu picha nyingi kuliko upungufu wa mashine. Asivute kitu karibu kwa vidole juu ya kioo; asogee mwenyewe kwa miguu. Vile vilenzi vidogo vya kubana juu ya simu, avipite dukani bila kugeuka.

Mwenye kutaka kamera hasa, namshauri anunue iliyotumika. Kampuni za Canon na Nikon ziligeukia kwa nguvu kamera zisizo na kioo cha ndani kuanzia mwaka 2018, na kwa sababu hiyo zile za zamani zenye kioo zimeshuka bei, ingawa picha zake hazijapungua uzuri hata chembe. Lakini usinunue kwa kutazama rangi ya nje. Nenda na tochi. Ivue lenzi, imulike kwa upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi, hiyo ni kuvu, na bei yoyote ni ghali. Fungua mlango wa betri uangalie kama pana kutu ya kijani. Piga picha kumi mfululizo za ukuta mweupe, kisha uzitazame zikiwa kubwa. Alama nyeusi isiyohama mahali pake katika picha zote ni uchafu au kasoro ndani ya kamera. Muuzaji akikataa kukuruhusu kufanya hayo, mwage kwa heri.

Kwa lenzi, ya kwanza kununua ni ile ya milimita 50 yenye kufunguka hadi namba 1.8. Kila kampuni kubwa inayo, na karibu kila mahali ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Namba ndogo maana yake tundu kubwa, na tundu kubwa maana yake mwanga mwingi huingia. Sebuleni jioni, umeme ukiwa umekatika na taa ni ya betri, lenzi hii itaona yale ambayo ile ya kuvutika iliyokuja na kamera haiyaoni. Upungufu wake ni mmoja: katika kamera nyingi za bei ya kati huona eneo dogo, ikabidi urudi nyuma, na katika chumba kidogo mgongo wako utaufikia ukuta kabla jamaa wote hawajaingia katika picha. Mwenye nyumba ndogo na ukoo mkubwa atatumikiwa vizuri zaidi na milimita 35, au pungufu ya hapo.

ADUI WATATU WA TAMBARARE YA IMBO

Gatumba ipo kati ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo, juu ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Hapa kamera ina adui watatu: joto, vumbi la kiangazi, na unyevu. Wa mwisho ndiye mbaya kuliko wote, kwa kuwa hufanya kazi yake usiku na mchana bila kelele.

Kuvu ya lenzi huota mahali penye giza, hewa isiyotembea na unyevu mwingi. Sasa tazama tunavyohifadhi kamera zetu: giza la kabati, mfuko wa ngozi unaonyonya maji ya hewa kama sifongo, na kitenge juu yake. Mtu akitaka kuotesha kuvu kwa makusudi hawezi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Na ikisha kuota, mizizi yake hula ule utando wa dawa uliopakwa juu ya kioo. Hata fundi akiisafisha, alama hubaki.

Dawa yake ni rahisi, nayo yapatikana katika jiko la kila mama. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana barabara, kama lile la kuwekea unga. Weka kamera ndani bila mfuko wake wa ngozi, pamoja na vifuko vya zile chembe za kunyonya unyevu ambavyo huja katika maboksi ya viatu vipya, redio na mikoba. Watu huvitupa, wewe viokote, uwaombe na majirani. Kopo la lita kumi lataka vifuko vingi, si viwili vitatu. Ziko pia chembe zinazouzwa zenye rangi, ambazo hugeuka zikisha kushiba maji: za buluu huwa za waridi, na za machungwa huwa za kijani. Zikigeuka, zitandaze juu ya sinia la bati karibu na moto mdogo wa mkaa mpaka rangi ya kwanza irudi, kisha uzitumie tena. Watoto wasizichezee, na sinia hilo lisirudi kwenye chakula.

Wapo wanaotumia mchele mkavu. Mchele hunyonya kidogo tu, tena una vumbi la unga ambalo huingia katika kila ufa wa kamera. Mchele upikwe.

Jambo jingine ni kuitoa kamera na kuitumia. Kamera inayopata hewa na nuru kila juma haioti kuvu upesi. Ila usiiache dirishani lenzi ikiwa imelikabili jua, kwa sababu lenzi hukusanya miali ya jua kama kioo cha kuwashia moto, na imekwisha kuunguza mapazia ya watu.

Kwa vumbi, nunua kipulizio cha mpira, kile cha kubonyeza kwa kiganja. Ni kitu cha bei ndogo, na kama ningeruhusiwa kumshauri msomaji anunue kifaa kimoja tu, ningetaja hicho. Utaratibu ni huu: kwanza pulizia, halafu brashi laini ya nywele, mwisho kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji ya kusafishia lenzi. Anayeanza na kitambaa huisugua michanga juu ya kioo, na kila punje huacha mkwaruzo. Usiteme mate, usipulize kwa kinywa, usitumie pindo la shati la sare hata kama limefuliwa jana. Petroli na spiriti ya taa ni mwiko kabisa.

Kichujio cha kukinga mionzi, kile cheupe kinachofungwa mbele ya lenzi, hakibadili picha kwa namna utakayoiona. Faida yake ni ngao: mchanga na vidole hukipata chenyewe, na lenzi yako ikabaki salama. Tazama namba iliyoandikwa ukingoni mwa lenzi baada ya alama ya duara lililokatwa mstari, kama 49, 52 au 58. Hiyo ndiyo saizi ya kichujio. Mwenye kupenda kupiga picha za ziwa anaweza kuongeza kichujio cha kuzuia mng'ao. Hicho huzungushwa kwa vidole hadi mng'ao wa maji utoweke, na samaki aliye karibu na juu ya maji aonekane. Nguvu yake ni kubwa zaidi jua likiwa ubavuni pako. Likiwa mbele au mgongoni hakifanyi mengi. Kumbuka pia ya kwamba hula mwanga, basi kivue unapoingia ndani ya nyumba.

MAHARAGE, BOLTI NA KAMBA

Stendi ya miguu mitatu ni chombo kizuri, lakini zile nyepesi za bei ndogo hutetemeka kwa upepo wa ziwa kama mwanzi. Ukiwa nayo moja ya namna hiyo, usiinyanyue shingo yake ya katikati, na utundike chini yake mfuko wenye mawe. Usipokuwa nayo, usihuzunike.

Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ukubwa wa mto mdogo wa mtoto, uujaze maharage makavu hadi kiasi cha theluthi mbili. Uweke juu ya dirisha, juu ya ukuta, juu ya boneti ya gari lililozimwa injini, kisha ulaze kamera juu yake. Maharage yataifuata kamera umbo lake na kuishika imara kuliko stendi nyingi za dukani. Wapiga picha wa wanyama duniani kote hutumia mfuko wa namna hii. Ubadilishe maharage kabla wadudu hawajaanza kutoboa kitambaa; na katika safari ndefu, hayo ni akiba ya chakula ambayo stendi ya chuma haina.

Njia ya pili ni kamba. Tundu lililo chini ya kamera karibu zote hupokea skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Mwulize muuza misumari akutafutie bolti ya kipimo hicho. Iwe fupi: sehemu inayoingia isizidi milimita tano hivi, la sivyo itaitoboa kamera tumboni. Funga kamba katika kichwa chake, uache ncha ya kamba ianguke chini, uikanyage kwa kiatu, kisha uvute kamera juu mpaka kamba ikaze. Mikono haitatetemeka tena kama kwanza. Kiatu cha jeshi kwa kazi hii hakina mfano.

Vivyo hivyo kwa mwanga. Gatumba ipo kiasi cha nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua husimama karibu juu ya utosi. Macho ya watu huwa mashimo meusi. Wakati mzuri ni asubuhi hadi saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi. Kwetu jioni ni fupi, kwa sababu jua hujificha nyuma ya milima iliyo juu ya Uvira kabla halijatua kwa hesabu ya kalenda. Anayengoja saa kumi na mbili kamili amechelewa. Ikikubidi kupiga mchana, waweke watu chini ya mwembe, na mtoto mmoja ashike shuka jeupe au ubao uliobandikwa karatasi ya fedha ya jikoni, airudishe nuru nyusoni mwao.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Hutaka kila kitu kiwe cha rangi ya majivu. Ukimsimamisha mkeo mwenye ngozi nyeusi mbele ya ziwa linalong'aa, kamera huona mng'ao mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hutoka kama kivuli. Tafuta kitufe chenye alama za jumlisha na kutoa, uongeze hatua moja. Ukipiga mtu mweusi mbele ya pazia jeusi, fanya kinyume, upunguze kidogo. Historia ya jambo hili si njema. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na filamu yenyewe ilitengenezwa kuupendeza uso huo. Kampuni ya Kodak ilianza kushughulikia rangi za kahawia ziliposikika lawama za watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini kitufe kile bado ni chako kukibonyeza.

Flashi ya juu ya kamera isimulikwe moja kwa moja usoni. Igeuze juu, nuru igonge dari na kushuka taratibu. Dari iwe nyeupe. Nyumba ya mabati yasiyo na dari haitafaa, hapo ielekeze kwenye ukuta mweupe wa pembeni. Na ukirithi flashi ya zamani kutoka kwa baba, usiivike juu ya kamera ya kisasa kabla fundi hajaipima: baadhi ya zile za kale hutoa umeme wa volti zaidi ya 200 katika kigusio chake, na kamera mpya huweza kuungua palepale.

MOTO WA BETRI NA UAMINIFU WA KADI

Katika mji ambao umeme hukatika, betri ya pili si anasa. Betri za litiamu zisiachwe ndani ya gari juani, wala zisihifadhiwe miezi mingi zikiwa tupu au zimejaa pomoni. Kiasi cha nusu ndicho kinachozipa umri. Zile ndogo za tochi zinazotiwa katika flashi zitolewe kila baada ya kazi, kwa maana zikivuja, maji yake hula shaba yote. Ni afadhali kununua zile za kuchajiwa tena. Bei yake hurudi baada ya harusi chache.

Soketi zetu ni za matundu ya duara, kama za Ufaransa na Ubelgiji, ilhali chaja zinazonunuliwa Dubai, Nairobi au Kampala huwa na meno matatu ya pembe nne. Nunua plagi ya kubadilisha iliyo imara. Kujaza vijiti vya kiberiti katika soketi, jambo ambalo tumeliona kwa macho, kumeunguza nyumba. Na askari anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri za akiba za litiamu huwekwa katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, wala si katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Kadi za kuhifadhia picha ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa mara nyingi. Kadi huandikwa ukubwa mkubwa, na ndani yake haina hata robo. Picha za mwanzo huingia vizuri, za baadaye hutoweka. Ukinunua kadi, ijaze yote siku ileile kwa picha za ovyo, kisha uzifungue zote katika kompyuta, za mwanzo, za kati na za mwisho. Kadi mbili za kiasi ni bora kuliko moja kubwa sana, kwani ikipotea moja hupotezi arusi nzima. Usiichomoe wakati taa nyekundu inamwekamweka. Na mtoto akizifuta picha kwa bahati mbaya, usipige hata moja zaidi: izime kamera, toa kadi, umpelekee mwenye kompyuta yenye programu ya kurudisha vilivyofutwa. Picha zilizofutwa huwa bado zimo mpaka nyingine ziandikwe juu yake.

VIBOKO, KAMBI NA MPAKA

Hifadhi ya Rusizi ipo jirani nasi, na mikoche yake, ndege wake na viboko wake wamewavuta wapiga picha wengi. Kwa viboko, lenzi ndefu si majivuno, ni usalama. Milimita 200 ni mwanzo wa kufaa, na 300 ni bora. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na huonekana mpaka karibu na nyumba za watu. Mwenye kusimama kati yake na maji ameufunga mlango wa nyumba ya kiboko, na kiboko huufungua kwa kifua. Asiye na lenzi ndefu aridhike na picha yenye kiboko mdogo mbali. Mamba nao wamo. Yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa kiasi cha mita sita, aliwindwa kwa mtego wa chuma na kamera za filamu iliyotolewa mwaka 2004, wala hakukamatwa. Basi usipige magoti ukingoni mwa maji ili upate taswira ya machweo.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa sare, na wao wajua kuliko mwandishi huyu ya kwamba kambi, ghala, vizuizi, madaraja na kituo cha mpaka si mahali pa kamera. Lakini wake na watoto wafahamishwe pia, kwa sababu picha ya mtoto mbele ya lango la kambi ni picha ya lango. Na lipo la kisasa zaidi. Simu nyingi huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani, na mtu mwingine huweza kuvisoma. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, ya njia za watu wafanyao mazoezi ya kukimbia, ilionyesha dhahiri kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa kuwa askari walikimbia na vyombo vyao mikononi. Ingia katika mipangilio ya kamera ya simu yako, uzime alama ya mahali. Ni kazi ya dakika moja.

Anayevuka kwenda Uvira na kamera ya thamani achukue risiti yake, au aombe iandikwe namba kwa maofisa wa forodha kabla hajavuka, ili asije akadhaniwa wakati wa kurudi kuwa ameinunua ng'ambo.

ALBAMU MBELE YA MAJI

Tumefika penye neno ambalo kwa Gatumba ni zito kuliko lenzi zote. Mwezi Aprili 2020 Rusizi ulifurika ukaingia majumbani. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe likapanda. Watu waliokoa watoto, magodoro na sufuria, kama ilivyopasa. Albamu zilibaki. Mjane wa askari ambaye alikuwa na picha moja tu ya mumewe, nayo ikapotea majini, hana duka la kwenda kununua nyingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamera yako, kabla ya viboko na machweo, iwe kunakili albamu ya nyumbani. Hutahitaji mashine. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, uzime taa zote za ndani. Laza picha ya zamani juu ya kitambaa cheusi, simama juu yake na kamera iliyo sambamba nayo barabara, bila flashi. Ikiwa na mng'ao, mtu ashike kitambaa cheusi upande wa pili wa dirisha. Piga kila moja mara mbili, na upande wa nyuma pia kama pana maandishi. Jumapili mbili zatosha kwa albamu tatu, na mama mkubwa akikaa kando atakutajia majina ambayo hakuna mwingine ayajuaye. Yaandike papo hapo.

Nakala ziwe tatu: moja katika kompyuta au simu, moja katika diski au kadi iliyowekwa kando, na ya tatu nje ya nyumba. Mwenye intaneti aipandishe huko. Asiye nayo ampe ndugu aliye Gitega au Ngozi, mlimani, kadi moja ndani ya bahasha. Diski mbili katika droo moja ni diski moja, maana maji hayachagui.

Na kama maji yamekwisha kuingia? Usizikaushe picha zikiwa zimegandana, kwa kuwa zikikauka hivyo haziachani tena. Zitie katika beseni la maji safi ya baridi, uzitenganishe polepole ndani ya maji bila kugusa upande wa picha, ubadilishe maji yakichafuka. Zisikae majini zaidi ya siku mbili. Kisha zilaze kivulini juu ya shuka safi, uso juu, au uzitundike kwa vibanio vya nguo pembeni kabisa. Juani zitajikunja na kupasuka. Zikiwa nyingi mno na mikono michache, zitie katika mifuko ya plastiki zikiwa na unyevu wake, uziweke katika friza ya jirani mpaka utakapopata nafasi; zitangoja hata miezi. Zilizo katika fremu, zikiwa zimeshikana na kioo, usizibandue: zinakili palepale kupitia kioo chake.

Zikisha kukauka, andika nyuma ya kila moja kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na hutoka ukilowa. Andika mwaka, mahali, na majina ya watu wote kuanzia kushoto, pamoja na yule mtoto aliyebebwa mgongoni.